Wa Pili Haitikiwi

Alhamisi ile Tupokigwe alikuwa ameshamaliza chupa nzima ya chai na mguu wa kushoto umekufa ganzi, ndipo aliposikia gambuti zikikwaruza mawe huko chini. Akainuka kwenye kigoda, akanyoosha sare yake, akasogea mpaka kwenye mstari wa mawe meupe unaozunguka mdomo wa Shimo la Lyenje. Hapo akasimama. Mngojaji havuki mstari, hata mtu akianguka hatua mbili mbele yake.

Aliyetoka alikuwa binti yake, Atupele. Kofia ngumu imemkaa upande, vumbi la kijivu limemjaa hadi kwenye kope, na begi la sampuli za mawe limemvuta bega chini. Alikuwa ameingia Jumatano alfajiri. Muda wote huo mama mtu alikaa pale akijifanya hana wasiwasi, na sasa wasiwasi ukamtoka kwa mkupuo mmoja.

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" akasema. "Pole na kazi. Vuka, njoo."

Atupele akavuka. Akamwegemea mama yake begani, mzito kama gunia la viazi, akakaa hivyo kidogo.

"Bupe yuko wapi?" ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

"Kwa jirani, na jirani kanipigia simu mara tatu. Mtoto hataki chupa, hataki uji, anakutaka wewe tu. Nenda ukamnyonyeshe kabla hajatutangaza wilaya nzima."

Taa ya kijani ikawaka kwenye nguzo. Kwenye redio ya upepo iliyoning'inia kifuani mwa Tupokigwe ikasikika sauti ya Daktari Masunga, mkuu wa kituo. Ofisi yake ilikuwa kilima cha pili, na shimo alilitazama kwa kamera.

"Safi sana, Mama Atupele. Ameingia mmoja, ametoka mmoja, ameitikiwa. Nafunga jalada."

"Lifunge, Daktari. Mimi nina mjukuu analia."

*

Watu wasioijua Lyenje huicheka kazi ya Tupokigwe. Mama mzima wa miaka hamsini na nane, ana sare, ana cheo kirefu, Mngojaji Daraja la Kwanza, na kazi yenyewe ni kukaa mbele ya shimo na jagi la maji. Waache wacheke. Ukimwambia mmoja wao ashike zamu asubuhi moja tu, utamsikia anakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake hajakamuliwa.

Bibi yake aliifanya kazi hiyo hiyo bila sare. Wakati huo watu walishuka shimoni kutafuta magadi ya mifugo, na kila aliyeshuka alikuwa na mtu wake wa kumngoja. Anayetoka anasalimia, mngojaji anaitikia, mtu anavuka mstari na kwenda nyumbani kula. Lakini mara moja moja, siku mbili tatu baadaye, mtu yule yule anatoka tena. Nguo zile zile, kovu lile lile, kikohozi kile kile. Naye anasalimia. Huyo wa pili haitikiwi. Hapo ndipo maji yanapoingia: mngojaji akisikia hatua za mtu ambaye ameshatoka, anajaza maji mdomoni, maana mtu aliyelelewa akalelewa, akisalimiwa, mdomo unaitikia wenyewe kabla kichwa hakijajua.

Taasisi ya serikali ilipokuja na mitambo yake, ilikuja kwa ajili ya jiwe. Jiwe la kijivu la Lyenje, kipande cha ukubwa wa ndimu, kinaendesha treni kutoka ziwani hadi pwani na kuirudisha. Wataalamu wakapima, wakaona jiwe hilo lina mapigo. Mtu akipitiwa na pigo akiwa kwenye ngazi ya tatu, jiwe linamshika kama alivyo, unywele kwa unywele, na baada ya siku kadhaa linamtoa. Elimu yao iliishia hapo. Wa pili hawezi kuvuka mstari mpaka aitikiwe na mtu aliye hai, aliyesimama upande wa nje. Walijaribu kengele. Walijaribu kinasa sauti. Walileta hata roboti anayesema marahaba kwa lafudhi nzuri ya pwani. Wapi! Asipoitikiwa, wa pili hukaa robo saa, kisha miguu yake humrudisha chini mwenyewe. Na akiitikiwa, yule wa kwanza, popote alipo, anatoweka. Ilitokea mara moja, enzi za bibi. Wa kwanza alikuwa shambani anakata ndizi, wakaokota panga tu.

Daktari Masunga hupenda kuwasimulia wageni kwamba dunia nzima ina midomo mitano ya namna hii. Mmoja uko kwenye barafu ya kaskazini, ambako wawindaji hawamtazami usoni ndugu aliyerudi mara ya pili. Mwingine uko jangwani, na waongoza misafara wa huko hawahesabu watu wao jua likizama, wasije wakampata wa ziada. Nchi tano, lugha tano, watu ambao hawajawahi kuonana, na masimulizi yao wote yanasema usijibu. Taasisi iliyaita masimulizi hayo ushirikina kwa miaka minne. Kisha ikayaandika upya kwa herufi nzuri na kuyaita Kifungu cha Nne.

Tupokigwe alikuwa amekitii Kifungu cha Nne mara kumi na moja katika miaka kumi na tisa. Kati ya maelfu walioingia na kutoka, kumi na mmoja si wengi. Kanuni inakataza mtu kumngoja ndugu yake, lakini wiki ile mngojaji mwenzake, Ambakisye, alikuwa ameng'olewa jino na maji yalimvuja pembeni kama bomba bovu, na sampuli za Atupele zilikuwa zinasubiriwa. Daktari akasaini ruhusa. Nani angewaza?

*

Baada ya mtu kutoka, mngojaji hukaa siku saba zaidi. Kwa hiyo Jumamosi saa moja asubuhi Tupokigwe alikuwa kwenye kigoda chake, ukungu umeshuka hadi magotini. Nyumbani alimwacha Atupele jikoni, anamnyonyesha Bupe huku mkono mwingine unageuza ndizi chunguni.

"Mama, vaa lile sweta zito," alimwambia. "Hilo linapitisha baridi."

Mama akakataa, kama kawaida yake, na sasa alikuwa anatetemeka na kukiri kimoyomoyo kwamba binti yake alisema kweli.

Akasikia gambuti.

Shimoni hakukuwa na mtu. Alishika jagi, akapiga funda kubwa, akalibana mdomoni. Akajiambia atakuwa yule fundi wa nyaya aliyetoka Jumatatu. Akamwomba Mungu awe yule fundi wa nyaya aliyetoka Jumatatu. Hatua zikapanda, zikasita, zikapanda tena. Ukungu ukafunguka kidogo, na kitu cha kwanza alichokiona ni kofia ngumu iliyokaa upande.

"Shikamoo, mama," akasema Atupele.

Maji yakagonga meno. Ulimi ukainuka wenyewe. Tupokigwe akabana midomo kwa vidole viwili, akaibana hasa, mpaka machozi yakamtoka kwa nguvu ya kujizuia.

"Pole kwa kukuweka," Atupele akaendelea, huku anapangusa vumbi usoni na kulizidisha. "Nilisikia pigo linakuja, nikajibanza kwenye ile kona ya ngazi ya tatu lipite, nikasinzia kidogo. Ni Alhamisi bado? Bupe atakuwa ameshamtoa jirani roho. Tazama nilivyo."

Akashika kifua cha ovaroli yake. Nguo ilikuwa imelowa pande zote mbili, madoa mawili makubwa, na maziwa yalikuwa bado yanapenya. Tupokigwe aliyatazama madoa yale. Alishawaona wa pili kumi na mmoja, wanaume tisa na wanawake wawili, lakini hili hakuwahi kuliona.

Atupele akapiga hatua mbili, akafika kwenye mawe meupe, na mguu ukakataa kuvuka. Akautazama mguu. Akayatazama mashavu ya mama yake yaliyovimba.

"Mama," akasema taratibu. "Una maji."

*

"Namwona," ikasema redio. Sauti ya Daktari Masunga ilikuwa kavu. "Mama Atupele, geuka. Mpe mgongo. Zimebaki dakika kumi na tatu, zitapita. Pole sana, mama. Geuka."

Mngojaji mwenye maji mdomoni huongea kwa kitufe cha redio: bonyezo moja ndiyo, mawili hapana. Tupokigwe akabonyeza mara mbili.

"Jamani, mama. Ni kwa ajili yako. Yule wa Alhamisi yuko nyumbani, ni mzima, ana mtoto wake. Huyu ni jiwe tu limekumbuka. Ngoja nikuhakikishie, nifungue jalada usikie mwenyewe."

Redio ikakwaruza. Zikasikika gambuti za Alhamisi zikipanda, pumzi ya mtu aliyechoka, kisha sauti ya Tupokigwe mwenyewe, imejaa furaha: *Marahaba, mwanangu, marahaba!*

Daktari akarudisha nyuma. Gambuti, pumzi, marahaba. Akarudisha tena.

"Mama," akasema, na sasa hakuwa na sauti ya mkuu wa kituo. "Hakukusalimia."

Tupokigwe akasimama pale na maji yake mdomoni, akijaribu kukumbuka. Si alisalimia? Alitoka, akasema shikamoo, yeye akaitikia. Ndivyo ilivyo siku zote. Miaka ishirini na saba mtoto huyu anamwambia shikamoo asubuhi na jioni, na yeye anaitikia huku anapepeta mchele, huku anapiga mswaki, huku anamwaza mtu mwingine kabisa. Aliitikia kitu alichokuwa amekizoea. Hakungoja kukisikia.

"Sasa hapa mimi sielewi," Daktari Masunga alikuwa anasema, anaongea haraka kama anayejisomea mwenyewe. "Yale masimulizi matano yote yanasema mtu halisi anayerudi kwao ndiye anayetangulia kusalimia. Sisi tulikiacha kipengele hicho, tuliona ni mapambo. Kwa hiyo yule wa Alhamisi... Au labda alikuwa amechoka tu. Mtu akichoka anaweza kusahau shikamoo. Eti, mama? Anaweza. Mimi mwenyewe nimewahi kumsahau baba mkwe. Ngoja niwapigie makao makuu."

Ikasikika simu ikiita, ikiita, ikiita. Jumamosi makao makuu hawapokei, na hata siku nyingine si sana.

Atupele alikuwa anasikia yote hayo upande wa pili wa mstari. Yeye ni mtaalamu wa miamba wa Taasisi hiyo hiyo, amekisoma Kifungu cha Nne darasani na kukifanyia mtihani. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya jiwe, akakunja mikono kifuani, akaikaza.

"Kwa hiyo nimeshatoka," akasema. "Nilitoka Alhamisi."

Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Niko nyumbani."

Akatikisa tena. Kanuni inakataza hata hilo, lakini wakati huo kanuni ilikuwa mbali sana.

"Ungeweza kuniuliza kitu. Jina la mbuzi niliyekuwa nalala naye nikiwa mdogo. Siku ile nilipokuibia sukari ukampiga ndugu yangu Lugano badala yangu. Lakini na yeye anajua, sivyo? Ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo." Akajifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Mama, mimi sijisikii kuwa jiwe. Ninasikia njaa. Maziwa yananiuma. Jiwe linaumwa na maziwa?"

Tupokigwe hakujua. Alizirudia siku mbili zile, akazipekua moja moja kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Yule wa nyumbani alikula ndizi na maziwa ya mgando, akalalamika chumvi imezidi. Alicheka kwa sauti ile ile. Bupe alipomwona alirusha mikono yote miwili, akamrukia, akanyonya mpaka akasinzia na chuchu mdomoni. Mtoto wa miezi saba hawezi kudanganywa, angeweza? Na huyu hapa, aliyesema shikamoo kabla hata hajapumua, huyu ni nani?

"Bupe ananyonya?" Atupele akauliza.

Mama akatikisa kichwa. Ndiyo. Ananyonya.

Hapo Atupele akalia. Alilia kwa kuinama, paji la uso limegusa magoti, na kupitia kilio chake Tupokigwe alisikia anasema neno moja, anarudia. "Afadhali. Afadhali."

*

"Zimebaki nane," ikasema redio. "Mama Atupele, nisikilize. Nimempigia wa nyumbani, nimemuunga kwenye redio, utamsikia. Sijamwambia kitu."

"Haloo? Daktari, shikamoo." Ilikuwa sauti ya Atupele, inatoka jikoni, na nyuma yake chungu kinatokota. "Kuna tatizo kazini? Mama hajambo?"

"Marahaba," Daktari akaitikia papo hapo, huyo mtunga sheria mwenyewe, mtu wa Shinyanga aliyelelewa vizuri. Akasikika anavuta pumzi kwa hofu ya alichokifanya, kisha akakumbuka kwamba huyu anaruhusiwa. "Hajambo, hajambo. Naulizia tu. Mtoto anaendeleaje?"

"Yuko mikononi hapa, ananing'ata. Ameanza kuota meno. Aii! We Bupe!"

Tupokigwe akafumba macho. Mmoja alikuwa kwenye redio, analalamikia meno ya mtoto. Mwingine alikuwa hatua mbili mbele yake, ameinua kichwa, anaisikiliza sauti yake mwenyewe, na mdomo wake umeachama.

Daktari akanong'ona, akiwa ameshafunga sauti ya kwenda jikoni, ingawa ya kutoka jikoni bado ilisikika. "Mama, sheria inasema ugeuke. Lakini sheria hiyo niliiandika nikiamini wa kwanza ndiye, na sasa siamini kitu. Kama unataka kumwitikia huyu, nitamwambia yule amlaze mtoto kitandani kwanza, asije akaanguka jikoni. Sitauliza sababu. Bonyeza mara moja nimwambie. Bonyeza mara mbili tuache."

Kidole gumba cha Tupokigwe kilikuwa juu ya kitufe. Maji yalikuwa yamepata joto, yamejaa mate, yanataka kutoka au kushuka, moja kati ya hayo. Angebonyeza mara moja, yule aliyemwambia avae sweta angemlaza mtoto, angejifunga khanga vizuri, na asingekuwepo. Angebonyeza mara mbili, huyu angerudi gizani na maziwa yake. Alikitazama kidole kama si chake.

"Usinibonyezee," akasema Atupele. Alikuwa amesimama. "Najua unachofikiria, mama. Nakuona usoni. Bupe anamng'ata *yeye*. Akitoweka akiwa anang'atwa, mtoto atajifunza nini? Usiniitikie. Mimi nimekusalimia kwa sababu ni mama yangu, basi. Si lazima uitikie."

Hivi mtu anaweza kusema hivyo, kisha ukaambiwa ni jiwe?

Tupokigwe akawakumbuka wale kumi na mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja, mchimbaji, aliyemsalimu mara saba. Alianza na Kiswahili, akaja Kinyakyusa, akamalizia na lugha nyingine ambayo yeye haijui, huku akivua kofia kila mara, akidhani labda ni adabu ndiyo inayopungua. Yeye Tupokigwe alimpa mgongo, akahesabu dakika. Kisha akatema maji, akaenda nyumbani, akala, akalala usingizi mzuri. Aliona haya sasa. Haya ilimpanda kutoka miguuni ikamjaa mwilini, na hakuna pa kuipeleka.

"Tatu," ikasema redio.

"Miguu imeanza kunivuta," akasema Atupele. Kweli, gambuti zake zilikuwa zimeanza kugeuka zenyewe kwenye kokoto, kisigino kwanza. Alijitahidi kuzishikilia. Ujasiri wote ukamtoka usoni, akabaki mtoto. "Mama, kule chini giza. Kwenye ripoti tunaandika *amerudi*. Mimi mwenyewe nimeandika mara ngapi. Tunarudi wapi? Mikufu ya kutufuatilia tunayovaa shingoni inaonekana kwenye mitambo mpaka ngazi ya tatu, baada ya hapo hakuna alama. Hakuna aliyewahi kwenda kuona. Mama, naogopa."

Tupokigwe akavuka mstari.

Hakufanya haraka. Aliinua mguu mmoja juu ya mawe meupe, kisha wa pili, kama anayevuka mfereji. King'ora kikalia kwenye nguzo, taa ikageuka nyekundu, na redio ikaanza kupiga kelele.

"Mama Atupele! Umevuka! Mama, rudi nje! Wewe ndiye mngojaji, nani atakungoja wewe?"

Tupokigwe akameza maji yote kwa funda moja.

"Utaningoja wewe, Daktari," akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Kigoda hicho hapo, na jagi lina maji ya kutosha. Njoo ukae."

"Mimi? Mimi sijawahi hata siku moja..."

"Na mimi sikuwahi kuingia. Leo wote tunajifunza."

"Lakini kwa nini, mama? Huwezi kumtoa! Ukiwa ndani huwezi kumtoa!"

"Sitaki kumtoa. Yule wa nyumbani ana mtoto, ana kitanda, ana mume anarudi Jumanne. Sijui kama ni yeye na sijui kama si yeye, na wewe hujui, na hao wasiopokea simu hawajui. Mmoja amepata mtoto. Huyu naye apate mama."

Daktari akauliza, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeona jambo linakuja kwa mbali: "Na ukitoka leo, halafu ukatoka tena Jumatatu? Nimwitikie yupi?"

"Hilo utalijua ukishakaa pale, baba. Wewe msikilize tu kama anasalimia."

Atupele alikuwa anarudi nyuma nyuma, gambuti zinamvuta, mikono ameinyoosha mbele. Mama akamfikia, akaishika mikono ile. Ilikuwa ya moto. Ndani ya mstari mafundi husalimiana kutwa nzima na hakuna lililowahi kutokea, hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwao, lakini hata hivyo akasogeza redio karibu na sikio asikie kama chungu bado kinatokota.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Chungu kilikuwa kinatokota. Mtoto alikohoa. Hakuna kilichoanguka.

Atupele akamkumbatia, na maziwa yakalowesha sare ya serikali. Wakaanza kushuka hivyo hivyo, bega kwa bega, mmoja anavutwa na mwingine anafuata. Ngazi ya kwanza ilikuwa na utelezi, na Tupokigwe alikuwa amevaa kandambili, jambo ambalo binti yake aliliona mara moja na kulilalamikia. Redio ya upepo haifiki chini ya ngazi ya pili. Ilikuwa imeanza kukatika, lakini kabla haijazimika kabisa Daktari, kwa kupapasa papasa vitufe vyake, alikuwa ameifungua tena sauti ya kwenda jikoni.

"Mama?" ikasema sauti ya Atupele kutoka nyumbani. "Mama, nakusikia. Unaongea na nani huko?"

Yule aliyeshikana naye mkono akasimama, akamtazama. Gambuti zilimvuta, akasimama hata hivyo.

Tupokigwe akasogeza redio mdomoni.

"Naongea na wewe, mwanangu," akasema.